Miguu ya Viatu, Kichwa cha Magauni

Mafinga, Jumatano, saa tisa alasiri

Mwanangu Tusekile,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, maana nakusikia hapo uani unasugua sufuria ambayo haina haja ya kusuguliwa, na ubeti uleule umeuimba mara nne. Yangu ni ya kawaida. Nakula, nalala, nafanya kazi. Tangu mama yako atutoke mwaka jana wakati wa baridi, watu wananiuliza naendeleaje nami nawajibu kwamba naendelea, na ni kweli naendelea. Sisikii vibaya, wala sisikii vizuri. Ni kama mkono ulioulalia. Unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya haukwambii kitu.

Kesho asubuhi unapanda basi la Rujewa. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha, joto la Usangu na ndugu wa kuwasalimia, shangazi yako amekwambia tangu Jumapili, na mengine ameyarudia hadi mbwa anayajua. Mimi siyarudii. Nina jambo moja tu, nalo ni la cherehani.

Wiki iliyopita ulikuwa umepiga magoti sebuleni unapangusa cherehani ya mama yako, simu umeibana kwa bega, unaongea na rafiki yako Neema. Neema ana ngozi, ana chumba cha kazi pale Rujewa karibu na mnada wa ng'ombe, na ana watu wanaomwulizia sendo na mikanda. Alichokosa ni mashine. Nikakusikia unamwambia asiwe na wasiwasi, mashine unayo, tena ilishashona ngozi kabla wewe hujaanza shule. Halafu ukageuka ukaniuliza, "Baba, si ndiyo hii iliyoshona mifuko ya kwaya?"

Nikasema, "Ndiyo."

Nilisema uongo. Umeufungasha huo uongo pamoja na mizigo yako. Kichwa cha cherehani umekifunga kwenye kitenge cha mama yako, miguu na meza vimeegemea ukuta pale mlangoni, na kesho kutwa utaweka ngozi ya ng'ombe chini ya sindano ile. Ndiyo maana nimekaa kuandika mchana huu badala ya kukusaidia kufunga mizigo.

Nianze na jinsi ilivyofika hapa. Wewe ulikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Mgololo, mkataba wangu wa kiwanda cha karatasi umekwisha. Miaka saba nilikaa karibu na mashine kubwa kuliko nyumba hii. Kazi yangu ilikuwa kusukuma toroli la mabaki ya magome, lakini hapa mtaani nani alijua? Niliwaacha waniite fundi mitambo. Mama yako alijua, na hakuwahi kunisahihisha mbele za watu. Nyumbani ndiyo alinitania, akiniuliza toroli langu lina giya ngapi.

Mwaka ule kwenye mnada wa mavuno, mtu mmoja alileta cherehani kanisani. Wewe umekulia kwenye minada ile, unaijua: ibada ikiisha, sadaka za mazao zinatolewa nje, maboga, kuku, madebe ya maharage, na mzee wa kanisa anapandisha bei huku watu wanacheka. Unajua pia kwamba pale hakuna anayekagua. Hakuna anayefungua gunia la sadaka kuangalia kama mahindi yana dumuzi. Kitu kimeshatolewa kwa Mungu, ukikichungulia unakuwa umemchungulia aliyekitoa. Cherehani iliwekwa kati ya mikungu ya ndizi. Ilikuwa nyeusi, nzito, ile nakshi ya dhahabu kichwani imefutika kabisa, na ile nembo ya shaba mbele ilikuwa imeng'olewa, yamebaki matundu mawili ya skrubu. Lakini miguuni, kwenye chuma chenyewe, kulikuwa na jina kubwa. Mzee wa kanisa akalisoma kwa sauti, akasema jina hilo analijua, ni la mashine za viatu.

Hapo ndipo fundi mitambo alipoamka. Nikasema mbele ya usharika mzima, "Hiyo inashona hata ngozi. Nimeziona nyingi." Sikuwahi kuona hata moja. Nilipandisha hadi wenzangu wakaacha. Tuliibeba wanaume wanne hadi nyumbani, na mama yako alitembea nyuma akiwa amekubeba mgongoni, haamini. Alikuwa anashona kwa cherehani za kuazima tangu aje kwangu kutoka Tukuyu. Siku ile alifurahi, Tuse. Nakuandikia hili kwa sababu nimelikumbuka sasa hivi, na ningependa kusema limenigusa, lakini nimeliandika tu.

Sasa nikuambie ni cherehani gani, maana nimekuwa nayo miaka kumi na minane na leo ninaweza kuitambua nikiwa nimefumba macho. Toa kile kitenge, ufanye nami hatua kwa hatua.

Tazama meza kwanza. Shimo la meza ni kubwa kuliko kichwa kinachokaa ndani yake. Pembeni utaona vibao vyembamba vya paini vimejaziwa na kupakwa rangi nyeusi ili visionekane. Ukisugua kwa kucha rangi inatoka. Maana yake ni kwamba meza hii na miguu hii vilikuwa na kichwa kingine, kipana zaidi. Jina la kwenye miguu si uongo. Miguu ni ya mashine ya viatu kweli, na lile gurudumu la chini ni kubwa na zito, likishika kasi halisimami upesi. Ila kichwa ni cha mashine nyingine kabisa.

Kichwa chenyewe, telezesha kile kibamba cha chuma karibu na sindano, uangalie uzi wa chini unakaa wapi. Cherehani ulizofundishiwa chuoni zina bobini ya duara ndani ya kijumba cha duara. Hii ina kijumba kirefu chembamba, kimechongoka mbele, kinakwenda na kurudi. Ni mtindo wa zamani sana. Zilitengenezwa hivyo kwa ajili ya nyumbani, kwa magauni, mashuka na mapazia. Kisha inua kile kiguu kidogo kinachokandamiza kitambaa. Ingiza kidole chako chini yake. Hakiingii hadi kwenye kifundo cha kwanza. Mikunjo miwili ya ngozi ya ng'ombe haitapita hapo bila kulazimishwa. Haya meno ya chini yanayovuta kitambaa ni madogo na yako upande mmoja tu, juu hakuna kitu kinachosaidia kuvuta. Ngozi itang'ang'ania pale pale na sindano itarudi tundu lile lile.

Mashine ya viatu ya kweli ina mkono mrefu mwembamba unaotokeza mbele, unaweza kuuvisha kiatu kama soksi, na kiguu chake kinazunguka kila upande. Ukiiona hutauliza ni ipi. Mimi niliiona mara ya kwanza nikiwa nimeshachelewa.

Mwezi mmoja baada ya mnada, mwenyekiti wa kwaya alikuja. Kwaya ilikuwa inakwenda kwenye tamasha Iringa mjini, na walitaka kila mwimbaji awe na mfuko wa ngozi wa kitabu cha nyimbo, mifuko kumi na miwili, ifanane. Wanasikia mashine ya Baba Tuse inashona ngozi. Nikasema ndiyo, Jumamosi itakuwa tayari. Nikaenda Rujewa mwenyewe kununua ngozi, nikachagua nene, kwa sababu niliona nene ndiyo yenye heshima.

Alhamisi mama yako akakaa kushona. Upande wa kwanza wa mfuko wa kwanza ulikwenda mishono sita, kisha ikafika kwenye kona ambapo ngozi imekunjwa mara mbili. Sindano ikapinda. Akaibadilisha. Ya pili nayo ikapinda. Akatoa mguu kwenye kikanyagio akaniambia, kwa upole kabisa, "Baba Tuse, hii haipiti. Tushone kwa mkono tu, msharasi wa kutobolea ngozi upo."

Nikamwambia, "Chuma hakiogopi ngozi. Pitisha."

Nikamwekea sindano nene zaidi niliyokuwa nimeinunua. Haikuwa hata saizi ya cherehani ile, niliilazimisha ikakaa. Akajaribu. Ikazama nusu, ikakwama. Kipande cha sindano kikavunjika kikaruka, kikaingia kwenye jicho lake la kulia.

Tusekile, mama yako hakuchomwa na kijiti cha kuni. Hapakuwa na kuni siku ile. Hadithi ya kijiti niliitunga mimi.

Nimesimama kidogo, nimekwenda kunywa maji. Umeniuliza pale uani naandika nini, nikakujibu ni orodha ya vipuri. Unaona jinsi ulimi wangu ulivyozoea.

Nimekuandikia nusu. Ile niliyoiandika juu ni namna ambayo nimejisimulia mwenyewe miaka yote, kwamba kosa langu lilikuwa kushupaza shingo. Kushupaza shingo mtu anasamehewa. Nusu nyingine ni hii. Sindano ilipokwama, mama yako aliacha kukanyaga. Aliinama, uso karibu kabisa na kichwa cha cherehani, aone imekwama kwa nini. Mguu wake ulikuwa bado juu ya kikanyagio. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, nimekasirika kwa sababu alikuwa sahihi. Niliweka mguu wangu juu ya mguu wake, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote.

Lile gurudumu zito la mashine ya viatu likazunguka. Kile kichwa kidogo cha magauni hakikuwa na la kufanya.

Hakupiga kelele. Alifunika jicho kwa kiganja akasema, "Zima redio." Nikazima redio. Wewe ulikuwa umelala chumbani.

Ningeweza kumpeleka siku ile ile. Basi la Mbeya lilikuwepo. Lakini mifuko ilikuwa ya Jumamosi, na nikamwosha jicho kwa maji ya chumvi nikamwambia litatulia. Akafunga kitambaa cha khanga juu ya jicho, akachukua msharasi, akashona mifuko yote kumi na miwili kwa mkono, Alhamisi hiyo na Ijumaa nzima. Sikumlazimisha, na sikumzuia. Nilikaa namkatia uzi na kuupaka nta. Jumapili kwaya ikaimba Iringa, wakarudi wanaisifu mashine yangu, nami nikapokea sifa mlangoni huku yeye amelala ndani na homa.

Ule mfuko wa kitabu chake cha nyimbo, ulio kwenye droo, ndio ule wa kwanza. Mwenyekiti alimshonea mwingine badala yake, huu akaubakiza. Umeushika maisha yako yote. Uangalie leo kwa macho ya fundi. Utaona mishono sita midogo iliyobanana, kisha tundu lililochanika, na kutoka hapo mishono mirefu ya mkono inazunguka hadi mwisho. Hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu mishono ya mama yako ilikuwa mizuri kuliko ya mashine.

Jumatatu ndipo nilimpeleka Mbeya. Daktari alikuwa mtu mpole. Alituambia kwamba jicho halitaona tena, na aliponitazama nadhani alijua, akasema tu kwamba siku nyingine tusikawie. Mama yako alisema, "Ndaga." Kwa Kinyakyusa chake, asante.

Sasa sikia nilichofanya yeye akiwa wodini. Nilikuwa nimebeba kile kichwa cha cherehani kwenye gunia. Mke wangu amelazwa, mimi nimesafiri na cherehani, eti kwa kuwa nafika Mbeya basi nitafute na fundi, kwani sindano ilipovunjika kuna kitu ndani kilihama. Nikaenda nacho Mwanjelwa sokoni. Nikaonyeshwa mzee mmoja Msafwa aliyekuwa anatengeneza cherehani kwenye kibanda cha mabati. Alikigeuza kichwa, akatelezesha kile kibamba, akachungulia, akapitisha kidole kwenye yale matundu mawili ya nembo. Hakuchukua hata dakika.

"Hii ni ya magauni, baba," akasema. "Nani kakudanganya ni ya ngozi?"

Nikasema, "Aliyeniuzia."

Yaani nilimsingizia Mungu, kwa sababu aliyeniuzia ni mnada wa sadaka. Yule mzee akatikisa kichwa kunionea huruma. Akaniita nyuma ya kibanda akanionyesha ile yenye mkono mrefu, akaipitishia raba ya tairi nami nikaona inavyomeza. Akanieleza yote haya niliyokueleza wewe. Nilisikiliza kila neno, na sijui kwa nini nilikuwa mtulivu hivyo. Nadhani ganzi hii watu wanayoniona nayo tangu msiba haikuanza kwenye msiba. Ilianza pale nyuma ya kibanda.

Tukiwa njiani kurudi, maeneo ya Igawa, mama yako akauliza tutamwambia nini mtoto. Nikasema tuseme kijiti cha kuni. Akatazama nje upande wa jicho lililobaki. Siku tuliyofika ulimkimbilia ukauliza, na ni yeye aliyekujibu, kabla mimi sijafungua mdomo. Alisema, "Kuni zimenichokoza, mwanangu." Akacheka na wewe ukacheka. Alinibebea uongo wangu kwa hiari yake, na alitembea nao vizuri kuliko mimi.

Kila alipokwenda Mbeya kuangaliwa, mimi nilikwenda kukaa kwa yule mzee wa Mwanjelwa. Mwaka mzima nilijifunza kwake. Ndivyo baba yako alivyopata ufundi huu ambao leo watu wanamletea cherehani kutoka Ifunda na Sao Hill na kumsifu kwamba haguswi kwa kutambua mashine ya zamani. Wanaponisifu nasema asante. Hakuna anayejua niliulipia kwa kitu gani, na kitu chenyewe hakikuwa changu.

Na yeye akaendelea kushona. Hili ndilo sijalielewa hadi leo. Kichwa cha cherehani kilipotengenezwa alikirudisha mezani, akakaa kwenye kiti kile kile, akakanyaga kikanyagio kile kile. Sare zako zote za shule zimetoka pale. Nilimwomba tuiuze, akasema cherehani haina kosa, inashona magauni vizuri sana. Nami kila nilipomwona anainama kutunga uzi, akigeuza uso ili jicho la kushoto lipate sindano, nilitoka nje. Nilikuwa naona haya, Tuse. Haya ile ya mtu mzima, ambayo huwezi kuikimbia kwa sababu inakula nawe meza moja.

Wiki aliyofariki aliniambia, "Mwambie Tuse wewe mwenyewe. Mimi nimechoka kuibeba siri hii." Nikamwambia nitakwambia. Siku ya mazishi watu wote walilia, wewe ulishikiliwa na shangazi zako wawili, na mimi nilisimama kaburini nikiwaza kwamba mkanda wa cherehani umekauka unahitaji kubadilishwa. Nilikuwa mzima kabisa. Nilisalimia watu wote. Mwaka umepita na sijakwambia.

Basi, kuhusu mashine. Mimi sikukatazi kwenda nayo. Ni yako, mama yako alisema ni yako. Ukienda nayo, itumie kushona bitana ya mikoba, vifuko vya ndani na nguo za watu wa pale, kwa kazi hiyo haitakuangusha. Ngozi laini ya mbuzi, mikunjo miwili, inaweza kupita ukipata sindano ya ngozi ile yenye ncha kama kisu, saizi inayoingia bila kulazimishwa, na ukizungusha gurudumu la juu kwa mkono, tundu moja moja, mguu ukiwa chini sakafuni. Jaribu kwanza bila uzi kwenye kipande cha kutupa. Ngozi ikishatobolewa imetobolewa, si kama kitambaa ambacho ukifumua unapiga pasi. Ngozi ya ng'ombe usiiweke hapo kabisa, hata Neema akuhimize vipi, hata mteja awe amesimama mlangoni. Mwambie Neema leo hii kwamba mashine uliyomwahidi siyo. Atakasirika. Ni afadhali akasirike leo kwenye simu kuliko kukuona unainama.

Sindano ikikwama, usiiname. Ondoa mguu kwanza.

Msharasi wa mama yako uko kwenye kopo la chai juu ya kabati, na ule uzi wa nta. Alishona mifuko kumi na miwili na jicho moja linalovuja, wewe utashona sendo za kutosha hadi mpate ile yenye mkono mrefu. Mkiipata mahali, hata Chunya hata wapi, usiinunue. Nipigie, nitakuja niitelezeshe kibamba mwenyewe. Na hata nisipokuwepo, kagua. Iwe ya mjane, iwe ya mchungaji, iwe imetoka madhabahuni, geuza, chungulia, uliza. Heshima haipotei kwa kuchungulia.

Kitu kingine nilichojifunza ni kidogo, na nimekipata kwa gharama ambayo nimeshakueleza. Mtu anayekishika chombo akikwambia hakiwezi, amini mkono wake kuliko mdomo wako. Utakuwa na wenzako wa kazi, labda siku moja mume, labda mafundi chini yako. Siku utakayojiona umekasirika kwa sababu mwenzako yuko sahihi, angalia mguu wako uko wapi.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya begi lako, chini ya nguo, uikute Rujewa nikiwa mbali. Ningekuwa nimetimiza neno la mama yako, na wewe ungekasirika na kulia peke yako kwenye chumba cha ugenini, na mimi ningekuwa hapa naendelea. Nimeona kwamba huo ungekuwa ni ule ule ujanja wa kijiti. Kwa hiyo nakupa leo, mkononi, kabla ya chakula. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kati ya sasa na hapo, sitoki nje, na redio nimeizima.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Wala usiharakishe kunipa kwa sababu unasafiri na watu wanasema mtu asisafiri na kinyongo. Kama ni kinyongo, kisafirishe, ni haki yako. Naogopa, Tuse. Nimeandika neno hilo na nimelisikia, ni la kwanza kulisikia tangu mwaka jana. Naogopa utakachosema, na naogopa zaidi usiposema kitu.

Mama yako alinitazama kwa jicho moja miaka kumi na saba, na hakuniambia neno baya hata siku moja. Wewe unayo mawili. Njoo unitazame nayo, useme.

Niko jikoni.

Baba yako